Dushi ndani ya kontena: tuanze na hewa, karo zitafuata



Sisi tuliokimbia na kurudi tunajua kwa nini mtu anapenda kontena. Nyumba ya mbao unaiacha wiki mbili, ukirudi mbao zimeshakuwa kuni za wengine. Chuma kinabaki. Ndiyo maana huku Shasha, nikisikia mtu anatafuta kontena ya zamani ya mita 6 ili aifanye nyumba, simcheki. Tena akisema anataka dushi ndani, namuunga mkono. Mama na binti kutoka usiku kwenda kuoga nyuma ya nyumba, katika hali hii ya usalama, si jambo la kuendelea nalo.

Lakini niko na neno moja kwa wajenzi wetu. Tunaanza na karo na rangi, hewa tunaikumbuka mwisho, ama hatuikumbuki kabisa.

Mlinzi wa depo yetu alijenga dushi yake hivyo. Alikata kona ya kontena kwa mbao, akaweka mlango mzuri, hakuacha hata tundu. Jioni moja ya mvua aliingiza mbabula yenye makala ili maji yasipoe na yeye asisikie baridi. Bibi yake alimwita, hakujibu. Walivunja mlango, wakamtoa nje kwenye upepo. Alitapika, kichwa kilimuuma siku nzima, lakini alipona. Kesho yake nilisikia maneno mengi: wengine uchawi, wengine mazuku.

Haikuwa uchawi. Mazuku tunaijua, huku upande wa Sake na kandokando ya ziwa: hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mabondeni, inaua mbuzi na hata mtu. Hii ya mlinzi ilitoka kwenye makala yake mwenyewe. Makala hata yasipotoa moshi yanatoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika nyumba ya mbao, nyufa zinaipunguza kidogo, ingawa hata humo ni hatari. Kontena ilitengenezwa isipitishe hata tone la maji ya bahari, kwa hiyo sumu inabaki ndani. Basi, sheria ya kwanza: maji yachemshwe nje, yaingie ndani kwa ndoo. Tundu la hewa haliruhusu mbabula kuingia.

Ya pili ni unyevu. Mvuke ukigusa chuma baridi unageuka jasho, unatiririka ukutani, unalowesha godoro na mbegu ulizoweka kwa mwaka kesho, na kutu inaanza. Wakulima wa kahawa hawahitaji kufundishwa hapa. Meza ya kukaushia tunaiinua na kuiwekea wavu ili upepo upite chini na juu. Dushi ni vile vile: tundu moja chini karibu na sakafu kwa hewa safi kuingia, na jingine juu upande wa pili kwa mvuke kutoka. Ukiweza, juu weka bomba la plastiki la sentimeta 10, lipite paa kwa nusu mita, ulipake rangi nyeusi. Jua linalipasha moto na linavuta hewa, kama bomba la vile vyoo vilivyoanzia Zimbabwe miaka ya 1970. Usikate nguzo za pembe, kwa sababu ndizo zinazobeba kontena. Kila palipokatwa, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Sakafu ya dushi iwe ya simenti, yenye mteremko, maji yaende kwenye shimo la mawe mbali na kisima. Kipindupindu tunakijua.

Najua majibu yenu. Mwizi ataingia! Tundu la sentimeta 10 haliingizi mwizi. Watu watachungulia! La juu lipite kichwa cha mtu mrefu, la chini lifunikwe na vibao vya kulala upande. Baridi! Ndiyo, baridi iko. Lakini baridi ya dakika tano haijaua mtu mzima, na makala ya dakika tano nimeona yanavyofanya.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa kamati. Mwanamemba akiomba mkopo wa kujenga, kabla ya awamu ya mwisho mtu aende kuangalia: tundu la chini liko? La juu liko? Mbabula ina mahali pake nje? Kama hapana, pesa zingoje. Wengine watasema tunaingilia mambo ya nyumba ya mtu. Lakini maharage mabichi tunayakataa mlangoni mwa depo, na hakuna anayelalamika. Mtu na watoto wake hawastahili uangalifu mdogo kuliko gunia.