Upinde Mpya Kutoka Kawangware

Kununua upinde si kama kununua jembe. Jembe lililo jema humfaa baba, likamfaa na mwanawe, na jirani akiliazima atalima nalo vile vile. Upinde sivyo. Upinde hupimwa kwa mkono na mgongo wa mtu mmoja. Ukimzidi nguvu utamwaibisha mbele ya watoto, na ukiwa dhaifu mno mishale yake itaanguka njiani kama majani makavu. Jambo hili alifundishwa karani mmoja kijana akaaye Kibera, mjini Nairobi, alipotaka kuutimiza mchezo alioutamani kwa miaka mingi.

Tamaa hiyo ilimwingia mwaka 2016, alipomwona Shehzana Anwar, mlenga shabaha wa Kenya, akiibeba bendera ya taifa katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki huko Rio de Janeiro. Katika michezo ile mlengaji husimama mita 70 mbali na shabaha, na duara la ndani kabisa, lenye pointi 10, lina upana wa sentimita 12.2 tu, yaani kama mdomo wa bakuli dogo. Upinde wenyewe ni wa aina ambayo ncha zake mbili zimekunjwa kuelekea mbele, mbali na mwenye kuuvuta. Lakini upinde wa namna hiyo hutoka ng'ambo, na bei yake si ya mshahara wa karani. Ndipo akaelekezwa kwa fundi mmoja wa Kawangware, mzee wa Ukambani, achongaye vitanda na viti kwa riziki yake, na pinde kwa mapenzi yake.

Wakamba wamesifiwa tangu zamani kwa upinde, nao walipenda ule wa mti ulionyooka. Ule wenye ncha zilizokunjwa una asili pengine: wawindaji wa nchi ya Wasomali walikuwa nao, na Waturuki na Wamongolia waliuunda kwa mti, pembe na kano za wanyama. Faida yake yaeleweka upesi. Ncha zikikunjwa mbele, upote hukaza mapema, hivyo kila inchi ya kuvuta huweka akiba ya nguvu. Na kwa kuwa hivyo, upinde mfupi hufanya kazi ya mrefu.

Karani alipofika alisema kwa ujasiri, "Mzee, nataka wenye nguvu kama ule wa Waata."

Fundi akacheka. Waata, wale wawindaji wa ndovu wa nchi ya Tsavo na bara ya Malindi, walivuta pinde za ratili 100 na zaidi, nao waliisifu kazi hiyo hata walipokuwa wakisakwa na askari wa hifadhi ya Tsavo katika miaka ya 1956 na 1957. Fundi hakutaja ratili. Alileta mtungi wa maji wa lita 20, ule ule ambao kila nyumba ya Kibera huujua kwa uzito wake, akauonyesha kwa kidole.

"Mwanangu, huu ukijaa ni kama ratili 44. Upinde wa Mwaata ni zaidi ya miwili. Sasa tutazame wako."

Akampa upinde wa majaribio uliohitaji mtungi mmoja kamili, akamwambia auvute hata shavuni na kuhesabu mpaka kumi. Karani alifika nne. Mkono ukatetemeka, bega likapanda karibu na sikio. Wakajaribu mwingine, kisha mwingine. Mwisho fundi akauning'iniza upinde darini, akafunga mtungi kwenye upote, akawa anamimina maji kwa kibuyu mpaka upote ukashuka kwenye alama aliyoipiga kwa mkaa kulingana na urefu wa mkono wa karani. Maji pamoja na mtungi yalikuwa kilo 13, nayo ni kama ratili 28. Hicho ndicho kipimo alichopewa, naye hakufurahi. Lakini mtu anayejifunza akianza na uzito asioumudu hujifunza kudanganya kwa mwili, na tabia hiyo huchukua miaka kuiondoa.

Mti uliochaguliwa ni mkole, uliokaushwa kivulini kwa miezi mingi. Kazi ya kukunja ncha ilifanywa kwa mvuke: sufuria kubwa ikachemshwa, ncha ikafunikwa juu yake muda wa saa nzima, kisha ikatolewa na kulazwa upesi juu ya kibao kilichochongwa mviringo, ikafungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kufanya upesi ndiko kuliko na maana, kwa sababu mti ukipoa haukubali tena. Baada ya siku kadhaa ulifunguliwa, na hapo ikaanza kazi iliyo ngumu kuliko zote, ya kupunguza mikono miwili ya upinde kidogo kidogo kwa kipande cha kioo, ukivutwa na kutazamwa, ukivutwa na kutazamwa, mpaka pande zote mbili zijipinde sawasawa. Upande mmoja ukiwa mgumu, ule mwingine hubeba kazi ya wote wawili, nao ndio uvunjikao. Upinde wa kwanza ulivunjika hivyo hivyo, kwa mlio uliowatoa majirani nje. Fundi hakusema neno. Alichukua mti mwingine. Upote haukuwa wa kano za ng'ombe kama wa babu zake, bali wa uzi mgumu wa washona viatu, nyuzi nyingi zikasokotwa pamoja na kupakwa nta.

Basi upinde ukawa tayari, na hapo likatokea jambo ambalo karani hakuwa amelifikiria. Utatokaje Kawangware mpaka Kibera?

Msomaji aliye shambani huenda akashangaa. Lakini watu wa mitaa hii miwili hawajasahau siku zilizofuata tangazo la matokeo ya uchaguzi la tarehe 30 Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini kabla ya mapatano ya tarehe 28 Februari 2008. Katika Bonde la Ufa pinde na mishale zilikuwa miongoni mwa silaha zilizochukuliwa barabarani, na Kibera na Kawangware zote mbili zilipata sehemu yao ya moto na vilio. Mtu apandaye matatu na upinde mkononi leo anaweza kuwa na nia safi kama maji ya mvua, lakini abiria hawezi kuisoma nia yake. Sheria nayo yahesabu kuwa ni kosa kutembea na silaha hadharani pasipo sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu.

Fundi alimshauri autie guniani. Hapo fundi alikosea, maana kitu kilichofichwa kikifunuliwa huogofya mara mbili. Karani alifanya vema zaidi: aliuacha upinde kwa fundi, akaenda kwanza kwa mzee wa mtaa wake, akamweleza yote. Mzee yule alinyamaza kitambo.

"Mwanangu, mimi sikukatazi mchezo," akasema. "Lakini hapa kuna mama waliozika. Mishale yako italala wapi?"

Wakapatana kwamba upinde ulale Kibera na mishale ilale Kawangware, kabatini mwa shule moja ambayo mwalimu wake mkuu alikuwa amekubali uwanja wa nyuma utumiwe Jumapili alasiri. Upinde ukaja mchana, umevuliwa upote, mbele ya macho ya watu wote, nao usipokuwa na upote ni fimbo iliyopindika tu. Watoto waliruhusiwa kuushika. Mzee mmoja Mnubi alidai kwa mzaha kwamba mchezo huo ni wa kwao. Katika mzaha huo mna chembe ya kweli, kwa maana Wamisri wa kale waliiita Nubia nchi ya upinde, na Waarabu walioishambulia Dongola katika karne ya 7 walirudi na sifa za wapiga mishale walengao macho. Ila Wanubi wa Kibera ni wazao wa askari wa Kisudani wa makabila mengi, na walipopewa makao katika msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20 silaha yao ilikuwa bunduki.

Shabaha yenyewe ilikuwa gunia lililoshindiliwa matambara ya mitumba kutoka soko la Toi, likaegemezwa ukuta wa mawe. Karani alisimama mita 7 tu. Wapo watakaocheka, lakini mshale wa upinde wa ratili 28 ukielekezwa juu waweza kuruka mita 100 na kuzidi, na nyuma ya kila ukuta wa Kawangware kuna mtu anayefua nguo. Uwindaji nao umepigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 1977, kwa hiyo hapana haja ya mtu kujipima na umbali wa mnyama.

Siku ya kwanza upote ulimchapa mkono wa kushoto mpaka ukavimba, akakata kinga ya ngozi katika kiatu kikuukuu. Mishale yake ikawa yaenda kushoto, yote, kwa adabu, kama iliyoagizwa. Akajilaumu jicho, akajilaumu vidole. Fundi alipoitwa alichukua mshale mmoja, akaupinda kidogo kwa mikono miwili, akasema ni mgumu mno. Mshale uachiwapo hujipinda kuuzunguka mshiko kabla ya kunyooka. Ukiwa mgumu kuliko upinde wake haujipindi vya kutosha, na kwa mtu avutaye kwa mkono wa kulia huenda kushoto. Aliikwangua kwa msasa hata ikawa myembamba zaidi, akaifunga upya manyoya matatu ya bata mzinga, yote ya bawa la upande mmoja. Jumapili ya tatu, mishale 9 kati ya 12 iliingia guniani.

Fundi alimpa maagizo mawili ya kuondoka nayo. La kwanza, asiuvute upinde na kuuachia bila mshale hata mara moja, kwa kuwa nguvu isiyopata mshale wa kuuchukua hurudi katika mti na kuupasua. La pili lilihusu nyumba yake. Chini ya mabati joto la adhuhuri hukausha mti kupita kiasi, basi upinde usiwekwe darini wala usisimamishwe pembeni ya ukuta. Ulazwe juu ya misumari miwili karibu na sakafu, bila upote, na kupakwa mafuta kidogo kila mwezi. Karani alipigilia misumari hiyo chini ya kitanda chake jioni ile ile.