Mlango wa Probox umebonyea: ulipe mfukoni au udai bima?

Pikipiki yenye magunia ya omena ikikwaruza mlango wa gari pale sokoni Sori, watu wakikusanyika swali la kwanza ni "una bima?" Kwa maoni yangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni: fundi anasema kazi hiyo ni pesa ngapi? Ukishajua hiyo namba, mengi yanajijibu yenyewe.

Tuanze na kitu ambacho wengi wetu hatukisomi. Ile bima ambayo sheria ya Kenya, Sura ya 405, inakulazimisha kuwa nayo ni ya mtu mwingine utakayemuumiza au kumuua barabarani. Mlango wako haumo. Kama ulinunua ile ya bei nafuu ya mtu wa tatu ili tu upite kwa polisi, basi gari lako likibonyea hakuna cha kudai. Ni mfuko wako, labda aliyekugonga akubali kulipa. Swali la kuchagua linakuja tu kwa mwenye bima kamili.

Na huyo mwenye bima kamili asikimbilie fomu. Kwa kila dai kuna sehemu unayobeba mwenyewe, watu wa bima huiita eksesi. Halafu kuna punguzo unalopewa kwa kutodai, ambalo likiguswa linapotea. Tuchukue mfano. Probox ya thamani ya 700,000, eksesi ni asilimia 2.5, yaani 17,500. Bima ya mwaka ni 40,000, lakini kwa sababu hujadai, unapunguziwa asilimia 20 na unalipa 32,000. Sasa fundi anasema mlango ni 22,000. Ukidai, bima inakutolea 4,500 peke yake. Mwaka ujao unalipa 8,000 zaidi kwa kupoteza punguzo. Umepigania fomu, umemtafuta ajenti, umesubiri, na mwisho umepoteza 3,500! Hapo lipa mfukoni uendelee na kazi.

Lakini kama bampa, taa na fenda zote zimeenda na bili ni 70,000, bima inabeba 52,500. Hata ukitoa ile 8,000 ya mwaka ujao, bado umeokoa zaidi ya 44,000. Hapo kukataa kudai ni kiburi tu. Kwa mfano huu, mpaka uko karibu na 25,500: eksesi ukijumlisha na punguzo linalopotea. Wako utakuwa tofauti, kwa hivyo fungua mkataba wako utafute hizo namba mbili. Na uulize pia punguzo likipotea linarudi baada ya miaka mingapi, kwa sababu likichukua miaka miwili au mitatu kurudi, huo mpaka unapanda.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi popote. Kampuni ya bima kwa kawaida hutaka mkaguzi aone gari kwanza, halafu litengenezwe kwa gereji inayokubalika kwao. Kwa mtu wa Sori hiyo inaweza kuwa safari ya Migori mjini au hata Kisumu, na gari linalala huko. Kama gari ndilo linapeleka samaki wako sokoni, hesabu siku hizo pia. Giza la mwezi, wakati taa ziko ziwani na omena inaingia, siku tatu bila gari ni pesa nyingi. Mwezi ukiwa mkubwa na mavuno yamepungua, si neno sana.

Kidogo kando: kama gari limeandikwa la binafsi na unabeba abiria wa kulipa, usitegemee hiyo bima. Dai linaweza kukataliwa hapo hapo.

Sasa sehemu inayonitia wasiwasi kuliko zote: "Omera, tumalizane hapa hapa." Umegonga gari la mwenzako, unamtumia 10,000 kwa simu, mnasalimiana, kila mtu anaenda. Wiki mbili baadaye anarudi na bili nyingine, au anasema shingo inamuuma. Ujumbe wa malipo unaonyesha pesa ilitoka kwako ikaenda kwake, saa ngapi na kwa jina gani. Hausemi ilikuwa ya nini, wala kwamba mambo yaliisha. Anaweza hata kuutumia kuonyesha kwamba ulikubali kosa. Mikataba mingi ya bima inakukataza kukubali kosa au kulipa bila kuwaambia, kwa hivyo wapigie simu kabla ya kutuma chochote, hata kama hutaki kudai. Mkielewana, andikeni karatasi: tarehe, namba za magari, kilichoharibika, kiasi, namba ya muamala, na kwamba hakuna deni lingine. Wote wawili muweke sahihi, na shahidi mmoja.

Mtu akiumia, hata mchubuko, hakuna kumalizana. Nenda polisi siku hiyo hiyo, uandikishe, upate abstrakti, na uarifu bima. Pesa ya simu haiwezi kununua kesi ya mwili wa mtu.

Ukiamua kumlipa fundi mwenyewe, usimpe zote asubuhi. Tuma ya rangi na vifaa kwanza, angalia jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, na ubaki na salio mpaka gari litoke kivulini. Lizunguke juani, tazama mlango kwa pembeni, gonga kidogo kwa kidole usikie kama kilichojaa humo ni bati au ni ule udongo wa kuzibia. Ukiridhika, tuma iliyobaki.