Haki ya Mbwa Aliyekwisha Kukimbia

Na Mwinyihaji Salim

Katika maduka ya kamari yaliyoenea siku hizi kutoka Kariakoo hadi Kongowea, na kutoka Kampala hadi Goma, vijana wetu huketi mbele ya viwambo wakitazama mbwa sita waliovikwa vizibao, namba moja chekundu, namba mbili cha samawati, namba tatu cheupe, namba nne cheusi, namba tano cha rangi ya machungwa, na namba sita chenye milia myeusi na myeupe, wakizunguka uwanja kwa muda wa nusu dakika; kisha mkeka hulipa au huchanika, na kabla kijana hajawahi kutafakari hasara yake mbwa wengine sita wamekwisha kutolewa. Wengi wa mbwa hao ni taswira tu zilizotungwa na mashine, hawali, hawaumwi wala hawazeeki. Lakini umbo walilopewa na rangi walizovikwa zimeigwa kwa mbwa wa nyama na damu, wale waitwao grehaundi, wanaokimbizwa Uingereza, Ireland na Australia. Na kwa kuwa hao huzeeka, nami sijapata kumsikia mcheza kamari hata mmoja akiuliza habari za uzee wao, nimeona si vibaya safu ya wiki hii ikauliza kwa niaba yake.

Mbwa huyu ni wa asili ya kale. Anafanana sana na saluki wa Waarabu, kwani wote wawili huwinda kwa macho wala si kwa pua, wote wana kifua kipana na kiuno chembamba kama cha nyigu, na wote kwa karne nyingi walikuwa fahari ya mabwana wenye farasi. Kilichoyageuza maisha ya grehaundi ni mtambo. Mmarekani mmoja, Owen Patrick Smith, aliyebuni sungura wa bandia anayevutwa juu ya reli, alifungua uwanja wake huko Emeryville, California, mwaka 1919. Na tarehe 24 Julai 1926 mashindano ya namna hiyo yakaanza Belle Vue, Manchester, na kwa muda mfupi yakawa tafrija kubwa ya wafanyakazi wa viwandani, ambao hawakuwa na wasaa wala nauli ya kuzifuata mbio za farasi. Mick the Miller, mbwa aliyeshinda Derby ya Kiingereza mwaka 1929 na tena mwaka 1930, alipata umaarufu uliowapita watu wengi wa zama zake, na alipokufa mwili wake ulihifadhiwa, hata leo umo katika makumbusho ya Tring. Wenziwe walio wengi hawakupata hata kaburi la kutambulikana.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Grehaundi huanza mbio akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Akisalimika na kona ya kwanza, ambako mbwa sita hugombea njia moja kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa na zaidi, na ambako miguu mingi huvunjika, ataendelea mpaka umri wa miaka mitatu au minne, pengine mitano. Na umri wake wa kuishi, Mungu akimjaalia, ni miaka 12 hadi 14. Kwa hiyo biashara humla miaka miwili au mitatu iliyo bora, na ile minane au tisa iliyosalia huachiwa yeyote atakayetaka, na asipotokea mtu, hapo ndipo habari inapokuwa mbaya.

Mwaka 2006 gazeti la Sunday Times la London lilifichua kwamba katika mji wa Seaham, kaskazini-mashariki ya Uingereza, palikuwa na mtu ambaye kwa miaka ipatayo 15 alikuwa akipelekewa mbwa waliomaliza kazi, wazima wa afya, akawaua kwa ujira wa pauni 10 kila mmoja na kuwafukia katika kiwanja chake, na idadi yao ikakadiriwa kufikia 10,000. Aliposhitakiwa, kosa lililomtia hatiani lilikuwa ni kufukia mizoga bila ya kibali. Kuwaua wenyewe, maadamu hawakuuawa kwa mateso, hakukuwa jinai. Ghadhabu iliyofuata ilizaa uchunguzi, na uchunguzi ukazaa kanuni za mwaka 2010. Lakini mtu hawezi kujizuia kuwaza kwamba Waingereza, wenye sifa duniani ya kuwapenda wanyama, walihitaji miaka 80 tangu Belle Vue kuuliza swali ambalo mtoto wa chuoni angeliuliza siku ya kwanza.

Kwa haki ni lazima kusema kwamba walikuwako waliouliza mapema. Greyhound Trust, chama kilichoundwa mwaka 1975, na vyama vingi vidogo vilivyokuja baadaye, viliwatafutia mbwa hawa majumba ya kukaa. Na ndani ya kazi hiyo mna watu ambao hawasifiwi inavyostahili, nao ni walezi wa muda, yaani wale wanaompokea mbwa kutoka bandani, wakakaa naye wiki kadhaa au miezi, kisha wakamkabidhi kwa watu wengine wa kumchukua moja kwa moja. Msomaji asidhani kuwa hiyo ni kazi ya kumtilia mbwa chakula tu. Mbwa huyu amezaliwa bandani, amelala bandani pamoja na mwenziwe mmoja, amebebwa garini kupelekwa uwanjani na kurudishwa, na nyumba ya binadamu haijui kabisa. Siku ya kwanza hugonga pua yake katika mlango wa kioo, kwani hajapata kuona ukuta unaopenywa na nuru. Hustaajabia mbwa anayemtazama kutoka ndani ya kioo cha kujitazamia. Ngazi humtia kiwewe, asijue miguu minne ipande kwa taratibu gani, hata mlezi hulazimika kuinama, akamshika mguu mmoja mmoja na kuuweka juu ya kidato, kila siku, mpaka mwili wenyewe uelewe. Hufundishwa kwamba haja hutolewa nje. Kwamba mashine ya kufulia haina nia mbaya. Na, lililo gumu kuliko yote kwa kiumbe ambaye hajapata kuwa peke yake maishani mwake, kwamba mtu akitoka na kufunga mlango atarudi. Somo hilo huanza kwa dakika moja, likaongezwa kidogo kidogo.

Kisha kuna mambo ya mwili. Ngozi ya grehaundi ni nyembamba na mafuta yake ni haba, kwa hiyo kipupwe cha Ulaya humtesa na hana budi kuvishwa koti. Kichwa chake ni chembamba kuliko shingo, na ukosi wa kawaida humvuka mara moja, ndipo akatengenezewa ukosi mpana unaojikaza akivuta. Meno yake mara nyingi yameoza kwa sababu ya chakula laini cha bandani. Na baadhi ya dawa za usingizi, zinazomlaza mbwa mwingine kwa salama, hukaa mwilini mwake muda mrefu wa kutisha, jambo ambalo kila tabibu wa wanyama anayemhudumia hana budi kulijua. Mlezi husoma namba iliyochorwa sikioni, au masikioni yote mawili ikiwa mbwa ametoka Ireland, na kwa namba hiyo huweza kujua alizaliwa wapi, alikimbia wapi, na siku gani alishika mkia.

Halafu huja mtihani wa paka. Mbwa hufungwa kifuniko cha mdomo, hushikwa kamba fupi, akaletwa mbele ya paka mwenye moyo mkavu aliyekwisha kuzoea dhihaka hiyo. Yuko mbwa anayegeuza uso kama aliyeona haya. Yuko anayenusa na kuondoka. Na yuko ambaye mwili wote hukakamaa, macho yakatoka, asisikie tena jina lake, na huyo huandikiwa kwamba asipelekwe katika nyumba yenye paka maisha yake yote, na hapana lawama juu yake, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa tangu utotoni. Kwa sababu hiyohiyo hata aliye mpole kabisa hafunguliwi kamba mahali pasipo na uzio, maana akiona kitu kinakimbia upande wa pili wa barabara, mwenyewe hatakuwa amekwisha kuita kabla mbwa hajafika. Ajabu ni kwamba baada ya yote haya kiumbe huyu, ambaye kila mtu humdhania kuwa hatulii, hulala sehemu kubwa ya siku, hubweka kwa nadra, na hutosheka na matembezi mafupi mawili.

Wako walezi ambao siku ya kukabidhi ikiwadia hushindwa, wakatia sahihi wao wenyewe na mbwa akabaki. Vyama huwatania, lakini katika mzaha huo mna majonzi kidogo, kwa kuwa mlango uliokuwa ukipitisha mbwa mmoja baada ya mwingine umefungwa nyuma ya huyo mmoja. Mimi namuona aliye bora kuwa ni yule anayemfunza mbwa kumpenda binadamu, akampa mtu mwingine matunda ya kazi hiyo, akafua tandiko na kupiga simu kuuliza ni nani anayefuata.

Najua kwamba msomaji wa huku kwetu, ambako wengi ni wa madhehebu ya Shafi, amekwisha kukunja uso tangu aya ya pili. Mimi si fakihi, na masuala ya najisi, ya kuosha mara saba moja katika hizo kwa udongo, na ya mbwa kuwekwa nyumbani pasipo haja ya uwindaji, mifugo au ulinzi, nayaacha kwa wenyewe, nikikumbusha tu kwamba Imam Malik aliihukumu tohara ya mbwa kinyume na walivyohukumu wengine. Lakini huruma haikuwekewa sharti la tohara. Hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika khofu yake ya ngozi na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na kwa tendo hilo akasamehewa, sote tumesomeshwa chuoni. Na Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyefariki mwaka 921, alitunga kitabu kizima cha kuwafadhilisha mbwa juu ya wengi miongoni mwa wavaao nguo. Asiyeweza kumuingiza mbwa nyumbani mwake hakuzuiliwa kuchangia gharama za tabibu, wala kumbeba garini kutoka bandani hadi kwa mlezi.

Mambo mawili yaliyotokea mwaka 2018 yanaonyesha uwezo wa walezi na vyama vyao. Huko Macau uwanja wa Canidrome ulifungwa mwezi wa Julai, na wenyewe wakaacha nyuma mbwa 533, katika mji wa vyumba vya ghorofani ambako mbwa mkubwa ni mzigo. Ilibidi serikali iwachukue, na chama cha Anima kikishirikiana na wenzao wa Ulaya na Marekani wakawasafirisha kwa ndege kwenda kwa familia zilizowakubali bila ya kuwaona. Mwezi wa Novemba wapiga kura wa Florida, 69 kwa mia, wakaamua kuzikomesha mbio katika jimbo lao mwisho wa mwaka 2020. Wenye viwanja walitishia kwamba maelfu ya mbwa wangekosa pa kwenda. Kilichotokea ni kinyume: watu waliojiandikisha kuwapokea walikuwa wengi kuliko mbwa, na leo Mmarekani anayemtaka grehaundi husubiri zamu, hata vyama vingine vikaanza kuwaleta kutoka Ireland na Australia.

Hata hivyo sipendi sifa za walezi zigeuke pazia la kuwasitiri wengine. Mnamo Septemba 2020 bodi ya mbio ya Uingereza iliweka amana ya pauni 400 kwa kila mbwa, nusu ikitolewa na mwenye mbwa na nusu na bodi yenyewe, ilipwe kwa kituo kitakachompokea. Ni hatua njema, na ni ndogo. Kumhasi mbwa na kung'oa meno yake mabovu kwaweza kuimaliza kabla hajala siku moja. Mchango wa makampuni ya kamari kwa mbio hizo ni wa hiari. Ama makampuni yauzayo taswira za mbwa katika maduka ya kwetu hayamlipi mbwa aliye hai hata senti moja, ilhali yamechukua umbo lake na jina lake. Mchango huo ungefaa kuwa faradhi, na wauza taswira wahesabiwe pamoja na wengine. Anayeniambia kwamba wako binadamu wenye njaa, na kwamba fedha ziende kwao kwanza, namjibu kuwa hapa hatuzungumzi sadaka bali deni, na mdaiwa anajulikana.

New Zealand ilipotangaza Desemba 2024 kwamba itazikomesha mbio, iliweka muhula wa miezi 20, kusudi mbwa wapatao 2,900 watafutiwe majumba kwanza. Huo ndio utaratibu wa haki, na Wales na Scotland, ambako jambo hili nako limejadiliwa, zingefanya vyema kuufuata.

Nanyi ndugu zetu mlioko Leicester, Dublin, Toronto na kwingineko, ambao hamna kipingamizi cha dini wala cha mwenye nyumba, msiangalie ile miaka minane au tisa iliyosalia mkaogopa. Ombeni kulea kwa muda. Vyama vilivyo vingi humpa mlezi chakula na ukosi na kumlipa tabibu. Linalotakiwa kwenu ni pahala pa kulala, uzio usiorukika, na subira ya wiki chache.