Video ikiwa bubu, usikimbilie kufungua kompyuta

Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani kwangu Kawangware nikingoja chai ya saa nne, simu yangu ilipolia. Alikuwa dada yangu wa Laini Saba, Kibera. Kwa sauti ya chini, ili bintiye asimsikie, aliniambia: "Ndugu yangu, ile kompyuta imekuwa bubu. Fundi anasema ubao wa ndani umeungua. Anataka elfu nne, na atakuja saa tisa."

Elfu nne si pesa za kuchezea kwa mama anayeuza sukuma wiki. Nilijua zilikotoka: ndizo alizokuwa akiziweka kidogo kidogo kwa ajili ya karo ya muhula ujao. Lakini pia nilijua kwa nini alikuwa tayari kuzitoa. Bintiye yumo kidato cha nne, na somo linalomtoa jasho ni kemia. Katika mtihani wa vitendo wa KCSE mtahiniwa huwekewa bureti, pipeti na chumvi asiyoijua jina, kisha akaachwa ajitegemee. Shuleni kwao vifaa hivyo hugombaniwa na wengi, kwa hivyo jioni msichana huyu huwatazama walimu kwenye video za intaneti wakifanya majaribio hayo hatua kwa hatua. Sasa picha zilikuwepo, sauti hakuna. Mwalimu anatia matone, maji yanageuka rangi ya waridi, midomo inacheza, lakini maelezo hayasikiki.

Nilimsihi dada asitoe hata shilingi kabla sijafika. Nikapanda matatu kwa Barabara ya Naivasha hadi Ngong Road, nikashuka Adams, nikakatiza soko la Toi na Makina kuelekea Laini Saba. Njiani nilijikumbusha jambo ambalo ningependa nawe ulishike leo: sauti ya video husafiri. Hutoka kwenye intaneti, ikaingia kwenye kivinjari, yaani ile programu tunayofungulia kurasa, ikapita ndani ya kompyuta, ikatokea kwenye tundu na kufuata waya mpaka kwenye spika. Ni kama maji ya mfereji. Bomba lako likikauka huanzi kwa kubomoa ukuta. Kwanza humwuliza jirani kama kwake yanatoka.

Basi swali la kwanza, msomaji wangu, ni hili: ni video moja iliyo bubu, au ni zote? Fungua nyingine. Ikiwa hiyo inasikika, kasoro ni ya ile ya kwanza. Huenda aliyeirekodi alisahau kipaza sauti, au sauti yake imezimwa kwa sababu ya haki za muziki uliomo. Hapo huna la kutengeneza.

Ikiwa zote ni kimya, cheza wimbo uliohifadhiwa ndani ya kompyuta au kwenye flashi. Jaribio hili halili bando, na linagawanya tatizo mara mbili kama anayepasua nazi. Wimbo ukisikika, jua spika, waya na ubao ni vizima, na kosa limo kwenye kivinjari au kwenye ukurasa. Wimbo nao ukinyamaza, achana na intaneti. Tafuta kosa kwenye kompyuta na spika.

Tuanze na kivinjari. Tazama alama ya spika iliyo chini ya video yenyewe. Ikiwa imekatwa kwa mstari, ibofye. Kwenye YouTube, kidole kikigusa herufi M ya kibodi sauti huzimika, na ukigusa tena hurudi. Wengi huigusa bila kujua. Kisha tazama juu, kwenye kichupo cha ukurasa huo. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake uone kama ukurasa umenyamazishwa. Aidha, tangu mwaka 2018 Chrome imekuwa ikizuia video nyingi zinazojianzisha zenyewe zisitoe sauti kabla hujabofya chochote kwenye ukurasa. Ndiyo maana tovuti nyingi huzianzisha zikiwa kimya makusudi. Hilo si kosa la kompyuta yako.

Kuna mlango mwingine unaosahauliwa. Tangu Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma mwaka 2007, kila programu ina kipimo chake cha sauti. Muziki unaweza kuvuma ilhali kivinjari kimeshushwa hadi sifuri. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya spika iliyo karibu na saa, ufungue kichanganya sauti, uinue kipimo cha kivinjari.

Nilipofika kwa dada nilicheza wimbo kutoka kwenye flashi. Kimya! Nikajua kosa haliko kwenye intaneti. Nikazichomoa spika na kuzichomeka kwenye simu yangu. Zikaimba. Basi spika zilikuwa nzima, umeme ulizifikia na waya haukukatika. Nikachungulia nyuma ya kompyuta: pini ilikuwa kwenye tundu la kijani kibichi, ndilo la spika. Tundu la waridi ni la kipaza sauti, na la samawati ni la kuingizia sauti kutoka kwenye chombo kingine. Ukikosea rangi utangoja mpaka kuche.

Hapo nikamwuliza mpwa wangu swali ambalo kila fundi angepaswa kuanza nalo: "Ni kitu gani kilichobadilika kabla sauti haijapotea?"

Akafikiri. "Hakuna, mjomba. Ila ile skrini ya zamani iliharibika, mama akaleta hii nyingine."

Skrini hiyo ya mtumba ilikuwa imeunganishwa kwa waya wa HDMI. Waya huo, msomaji wangu, haubebi picha peke yake. Hubeba na sauti pia. Kompyuta ilipoiona skrini mpya iliamua kupeleka sauti huko. Skrini yenyewe haina spika, ina kitundu tu cha spika za masikioni. Basi mwalimu alikuwa akifundisha siku zote hizo, ila alikuwa akifundisha mahali pasipo na mtu.

Nikabofya alama ya spika karibu na saa, nikafungua orodha ya vifaa vya kutolea sauti, nikaondoa skrini na kuchagua spika. Papo hapo wimbo ukalipuka hata jirani akagonga ukuta. Kazi yote haikufika nusu saa, na bisibisi haikuguswa.

Kuna kasoro nyingine niliyokutana nayo kwenye saiba moja hapa kwetu Kawangware. Kijana mmoja alilalamika kwamba anasikia muziki wa nyuma ya somo, lakini sauti ya mwalimu haisikiki. Mwenye saiba alisukuma pini ya spika za masikioni mpaka ikaingia sawasawa, mwalimu akarudi. Pini isipozama vizuri, sauti za pande mbili zinaweza kufutana, na ile iliyo katikati, aghalabu ya msemaji, ndiyo hupotea.

Na haya yote yakishindikana? Zima kompyuta, uiwashe upya. Kisha hakikisha programu inayoendesha vifaa vya sauti, ambayo mafundi huiita draiva, ipo na haina hitilafu. Jaribu pia tundu la nyuma ikiwa umezoea la mbele, kwani kwenye kompyuta zilizokarabatiwa waya wa tundu la mbele wakati mwingine huwa haukuunganishwa. Hata kama sehemu ya sauti imeungua kweli, usikubali haraka kubadilishiwa ubao mzima. Kipo kifaa kidogo cha sauti kinachochomekwa kwenye tundu la USB, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya ubao.

Saa tisa fundi alifika na mkoba wake. Alimkuta msichana ameketi, daftari wazi, mwalimu akieleza kwa nini tone moja likizidi jibu huharibika. Nilimwonyesha tulichofanya. Akacheka, akajikuna kichwa: "Mimi nilifikiria ya ndani tu, ya nje sikuyaangalia." Sikumwona kuwa tapeli, maana hata mimi nimewahi kukosea hivyo. Dada akampa chai, akampa na nauli.

Nilipoanza kumweleza mpwa wangu habari za HDMI kwa mara ya pili, aliinua mkono bila kugeuka. "Mjomba, tafadhali. Sisikii mwalimu."

Nikanyamaza. Dada yangu alikuwa amekwisha kuzikunja zile elfu nne na kuzirudisha mahali pake.