Wanafunzi wa kilimo wafundishwe kuusoma unga

Mfanyabiashara mdogo anapopeleka magunia ya unga wa muhogo kwa mnunuzi, swali la kwanza ni moja: humu umechanganya nini? Hata kama hakuchanganya kitu, bei hukatwa, maana mnunuzi hana njia ya kuhakikisha. Mwaminifu na mjanja wanalipwa sawa, na mwaminifu ndiye anayeumia.

Kifaa cha kulijibu swali hilo kipo. Ni hadubini yenye vichujio viwili vya polaroidi, kimoja chini ya sampuli na kingine juu. Ukikizungusha kimoja hufika mahali pote pakawa giza. Hapo weka unga kidogo sana ndani ya tone la maji: kila chembe ya wanga mbichi itang'aa, ikiwa na msalaba mweusi katikati. Chembe za viazi mviringo ni kubwa, nyingine hufikia sehemu ya kumi ya milimita. Za mchele hazifiki hata sehemu ya mia. Za muhogo nyingi ni duara lililokatwa upande mmoja, za mahindi zina pembe. Na wanga uliokaushwa kwa moto mkali ukiwa bado na maji mengi, joto likapita nyuzi 70, hupoteza msalaba huo. Umeiva kabla ya kufika sokoni.

Kwa mazoea, hadubini hii imeachiwa wanafunzi wa jiolojia wapimie miamba. Mimi nilimaliza chuo bila kuitazama. Chembe za wanga tulizichora kutoka ubaoni, tukapewa alama nzuri!

Gharama isiwe kisingizio. Hadubini ya kawaida, ambayo vyuo vingi vinayo, inafaa ukiweka kipande kimoja cha polaroidi juu ya taa na kingine juu ya lenzi ya jicho. Kigumu ni mazoezi. Mwanafunzi apewe sampuli zisizo na majina, muhogo mtupu, mahindi matupu na mchanganyiko, ahesabu chembe mia moja na aandike alichoona, si kilichomo kitabuni. Mwanzoni atakosea, hasa kwa kujaza unga mwingi.

Asidanganywe pia kwamba ameona kila kitu. Hadubini hii haionyeshi sumukuvu, iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, wala sianidi ya muhogo mchungu. Hizo zina vipimo vyake. Lakini kuhusu kilichochanganywa gunianimo, kijana aliyefunzwa vizuri anaweza kumjibu mnunuzi siku hiyo hiyo, kabla bei haijakatwa.