Mkandaji Asiyekuuliza Kitu, Usimpe Mgongo Wako

Kazi yangu ni kukanda watu. Ninaishi Makambako, na siku nyingine napanda Njombe kuwafuata wateja wasioweza kuteremka. Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Tunduma inakutana hapa na ile inayokwenda Njombe na Songea, reli ya TAZARA inapita, na malori yanalala hapa usiku kucha. Katika mji wa namna hii, ukitaja masaji watu hutazamana. Kuna wanaodhani ni biashara ya gesti, na kuna wanaodhani ni anasa ya watalii wa Zanzibar. Dhana hizo zinawanyima nafuu watu wanaoihitaji zaidi, na zinawaacha mikononi mwa yeyote mwenye chupa ya mafuta.

Watazameni watu wenyewe. Dereva ametoka Dar es Salaam anakwenda Tunduma, safari inayozidi kilomita 900, na mguu wake wa kushoto umekanyaga klachi mlima Kitonga mzima. Kuli wa sokoni anajitwisha gunia la viazi la lumbesa linalopita kilo 100, ilhali Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kwamba mzigo anaobeba mwanaume mtu mzima usizidi kilo 55. Mchuma chai wa Lupembe anashinda ameinama. Kijana wa mbao za paina anabebea bega lilelile kila siku mpaka shingo inakataa kugeuka. Hawa ndio wateja wangu, na ndio wanaostahili kujua huduma ya kitaalamu ikoje kabla hawajatoa fedha zao.

Huduma hiyo inaanza kwa maswali. Kabla sijagusa mafuta nitakuuliza unaumwa wapi, tangu lini, na unafanya kazi gani. Nitauliza kama una presha, kisukari au homa, kama umevunjika au kufanyiwa upasuaji, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama una ujauzito, kama kuna mafuta yanayokuwasha ngozi. Wengine hukereka: “Dada, mimi nimekuja kukandwa, sijaja hospitali.” Nawaelewa, lakini sianzi bila majibu.

Kuna dereva aliyekuja akitaka nimchue shavu la mguu. Nilipolitazama, mguu mmoja ulikuwa umevimba, una joto na ngozi imevutika, na mwenzake ulikuwa wa kawaida. Nikamuuliza, “Kaka, uvimbe huu ulianza lini?” Akasema tangu juzi, na akadhani ni kwa kukaa sana. Sikumgusa. Nilimwambia aende hospitali saa ileile, na huko daktari alikuta damu imeganda kwenye mshipa. Bonge la damu la namna hiyo likisukumwa linaweza kung'oka, likasafiri hadi kwenye mapafu na kuua. Mtu mwenye mikono yenye nguvu na mdomo usiouliza angelichua kwa bidii zote.

Baada ya maswali, tazama chumba. Juni na Julai baridi ya Njombe haina mzaha, na mteja anayetetemeka hakandiki, kwa sababu misuli yake imejikunyata. Kwa hiyo chumba lazima kipashwe moto. Lakini ukikuta jiko la mkaa linawaka ndani, mlango na madirisha yamefungwa, usilale hapo. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala kifudifudi akisinzia hatajua kama usingizi ule ni wa raha au wa kifo. Mimi nawasha jiko nje, nachemsha maji, natumbukiza chupa ya mafuta kwenye bakuli la maji hayo, na shuka nazipasha kwa chupa za maji ya moto. Mafuta yakifika mgongoni yawe ya vuguvugu, na mikono yangu pia.

Suala la nguo ndilo linalowatia watu hofu, hasa kina mama, kwa hiyo nalisema waziwazi. Utavua kile tu unachoridhia kuvua, na nguo ya ndani unabaki nayo. Mkandaji anatoka chumbani wakati unavua, na anabisha hodi kabla ya kurudi. Unafunikwa shuka au khanga mwili mzima, kisha kinafunuliwa kile kinachokandwa kwa wakati huo. Mgongo ukiisha unafunikwa, ndipo mguu unafunuliwa. Sehemu za siri hazifunuliwi wala hazikaribiwi. Una haki ya kuchagua mkandaji wa kike au wa kiume, ya kuja na ndugu yako akakaa pembeni, na ya kusema “basi” wakati wowote bila kutoa sababu. Mteja naye hana ruhusa ya kumshika mkandaji wala kuomba kingine. Akiomba, kazi inaishia pale.

Kuguswa ili upate nafuu si jambo la kigeni kwetu. Kina mama wengi wa hapa wamekandwa maji ya moto na mama mkwe au shangazi baada ya kujifungua. Hata hivyo, kilichozoeleka si lazima kiwe salama. Aliyejifungua kwa upasuaji ana kidonda ndani, na maji ya moto yameshawaunguza wazazi. Mtaalamu atauliza ulijifungua vipi, na tumbo hilo atalihurumia.

Kwenye kukanda kwenyewe, saa moja inamtosha mtu wa mara ya kwanza. Ninaanza kwa miguso mirefu myepesi kutoka kiunoni hadi mabegani, ili misuli inizoee na mimi niijue. Kisha nakanda, nakamua, na mwisho nabonyeza kwa kidole gumba pale penye fundo. Makuli wengi huniambia, “Mama, bonyeza tu, mimi mwanaume.” Huwa natazama ngumi zao. Mtu akikunja ngumi na kubana pumzi, misuli yake inapambana na mimi, na kazi hiyo ni bure. Maumivu yawe ya kiasi, usishindwe kupumua. Ukiona yamezidi, sema “punguza.” Mkandaji anayejibu “vumilia” hajafundishwa.

Ukimaliza, usikurupuke. Kaa kitako kwanza, maana wengine husikia kizunguzungu. Kesho yake unaweza kuhisi mwili kama wa aliyerudi kwenye palizi, na hali hiyo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Ikizidi, au ukihisi ganzi au mguu kukosa nguvu, nenda hospitali.

Nakuomba pia usidanganywe. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2015 yaliona kwamba masaji inaweza kupunguza maumivu ya mgongo kwa muda mfupi, na ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu. Nami ndivyo ninavyowaahidi wateja: mwili kulegea, usingizi mzuri, maumivu kupungua kwa siku kadhaa. Sitibu kisukari. Sizibui mirija ya uzazi. Siungi mfupa uliovunjika. Sitoi “sumu mwilini,” kazi hiyo inafanywa na ini na figo zako. Mgongo unaorudia kuuma kila wiki unahitaji daktari na mtaalamu wa fiziotherapia, na gunia linahitaji kupunguzwa. Hakuna mikono itakayoishinda lumbesa.

Tangu 2002 nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na Baraza linalosajili watoa huduma hizo. Anayejitangaza kuwa anatibu, muulize usajili wake, na alikojifunzia. Halmashauri zetu za Njombe na Makambako zisiishie kukagua leseni ya biashara. Maofisa wa afya waingie ndani watazame shuka, hewa ya chumba na jinsi mlango unavyofunguka. Wenye magari wanaopeleka lori gereji kila linapolia wamkumbuke na dereva.

Nawe msomaji, ukienda kukandwa, kwangu au kwa mwingine, mpe mkandaji nafasi ya kuzungumza kwanza. Asipokuuliza lolote kuhusu afya yako, na mikono yake imeshalowa mafuta, vaa nguo zako uondoke.