Tuacheni tuharibu kitambaa kwanza

Wiki juzi mama mmoja alisimama mbele ya kibanda tunachoshonea hapa Nyeri mjini, akaligusa blanketi nililokuwa nimelitundika mlangoni. Akaligeuza upande wa ndani, akaukagua mshono, kisha akaniangalia kwa huruma ya kweli.

"Kwani msichana wangu, kitambaa kilikuishia?"

Blanketi lenyewe lina vipande 168. Kuna vitenge, kuna mashati ya mtumba, kuna miguu ya suruali za jinsi. Lilinichukua siku tisa. Nilicheka tu, nikamwambia hapana mama, nimelishona hivyo makusudi. Akatikisa kichwa, akaenda zake steji.

Simlaumu. Huku kwetu mlimani kiraka ni kitu cha kufichwa. Aliyewahi kuvaa sweta ya shule iliyopigwa kiraka kwenye kiwiko anajua vile darasa zima lilivyokuwa likisoma hali ya kwao kupitia kiwiko hicho. Sasa leo mtu mzima, mwenye cheti cha ushonaji, anachukua mkasi, anakata kitambaa kizuri vipande vipande, halafu anaanza kuviunganisha tena! Kwa Kiswahili kitu hiki kina jina zuri la zamani, mfarishi, lakini ukilitamka katika soko la Karatina utaulizwa huyo Mfarishi ni mtu wa wapi. Kwa hivyo mimi nasema tu blanketi la viraka, na aibu abaki nayo anayeiona.

Malalamishi yangu yako kwingine. Yako kwa wanaotufundisha kushona, kwa wazazi wanaotulipia karo, na kwa sisi mafundi chipukizi wenyewe. Tumefanya kujaribu mbinu mpya kuwa anasa ya watu wenye pesa za kuchezea.

Neno la kwanza nililojifunza chuoni (chuo chenyewe nitakiacha bila jina) halikuwa "sindano" wala "cherehani". Lilikuwa "usiharibu". Kitambaa tulikuwa tunajinunulia. Mita mbili za sketi ni pesa ambazo mathe amezitoa kwenye chama, na ukikata vibaya, utalala ukipanga maneno ya kumwambia nyumbani. Mbele yako kuna mtihani wa NITA, Grade III, na hakuna anayetaka kuufikia akiwa amemaliza kitambaa. Siku moja niliokota mabaki chini ya meza nikaanza kuyaunganisha, nione tu yatakaaje. Madam akaja, akaangalia, akasema, "Hiyo haiko kwa silabasi." Nikaambiwa nifumue na nimwachie mwenzangu cherehani.

Namwelewa. Cherehani zilikuwa saba na sisi tulikuwa 23. Lakini ona kilichotokea: watu 23 tulitoka pale tukijua sketi moja. Ile ile! Ndiyo maana Januari ikifika na shule zikifunguliwa, sote tunapigania sare, tunakesha, tunashushiana bei hadi faida inapotea. Kufikia Machi cherehani zimelala na mwenye kibanda anataka kodi yake.

Na wakati huo wote mabaki yako pale. Zunguka nyuma ya vibanda vya mafundi katika mji wowote wa huku, iwe Karatina, Kerugoya, Embu au Meru, utakuta magunia. Yanachomwa, yanajazwa kwenye mito, au watu wa nduthi wanayatumia kupangusa pikipiki. Gunia langu la kwanza nilipewa bure na fundi jirani ambaye hakuelewa ni kwa nini mtu anaomba takataka. Gunia lile niliharibu karibu lote.

Nilianza na miraba, kwa sababu inaonekana rahisi. Unakata vipande vya inchi 5, unaviunganisha, kila upande unaacha robo inchi ya mshono. Basi. Lakini mshono ukizidi hata kwa moja ya kumi na sita ya inchi, kila mraba unapoteza moja ya nane, kwa kuwa unashonwa pande zote mbili. Kwenye mraba wa pili huoni kitu. Ukifika wa 12, umepoteza inchi moja na nusu, kona hazikutani, na blanketi limejipinda kama njia ya kijijini. Nililifumua mara mbili. Mara ya tatu nikabandika kipande cha kadibodi kwenye cherehani kiwe ukuta wa kuongozea kitambaa, na kona zikaanza kukutana.

Halafu nikalifua. Ole wangu! Nilikuwa nimechanganya kitenge cha pamba na poliesta ya sare. Pamba ikajikunyata, poliesta ikakataa kusonga, blanketi likajaa uvimbe kama uso wa mtu aliyeumwa na nyuki. Tena kitenge kimoja chekundu kikamwaga rangi juu ya kila kilichokuwa cheupe. Tangu siku hiyo kila kipande nakiloweka na kukianika kabla hakijaona mkasi, na poliesta ina gunia lake. Hilo nilifundishwa na beseni.

Mbinu ya pili Wamarekani huiita nyumba ya magogo. Unaanza na mraba mdogo katikati, ambao kwa desturi huwa mwekundu, halafu unauzungushia kanda nyembamba mojamoja kama mtu anayejenga ukuta wa mbao, pande mbili rangi nyepesi na pande mbili rangi nzito. Hii inafaa sana huku kwetu kwa sababu mabaki ya fundi wa sare ni membamba. Hayatoi mraba, lakini ukanda hayakosi.

Ile ya tatu ndiyo iliyonigeuza kichwa. Kule Karnataka, India, wako Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika ambao wazee wao walivushwa Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mablanketi yanayoitwa kawandi, na wao huanzia pembeni. Wanatandaza sari kuukuu iwe mgongo, wanapanga vipande vya nguo zilizochakaa juu yake na kuvipiga bandi kwa mkono, wakizunguka taratibu kuelekea katikati. Miraba ya kupimwa kwa rula haimo. Mwishoni wanatia kwenye kona nne viua vidogo vya kitambaa kilichokunjwa, na bila hivyo blanketi lao huhesabiwa kuwa liko uchi. Niliijaribu usiku mmoja stima ilipopotea, nikitumia tochi ya simu. Bandi zangu zilitembea kama kuku aliyekunywa busaa. Lakini lilikuwa blanketi la kwanza ambalo halikuhitaji cherehani hata kidogo, na hapo nikafikiria wale wenzangu 23 na cherehani zetu saba. Je, kama madam angetupa sindano za mkono na lile gunia?

Nilimpelekea shosho wangu hilo la kawandi kule Mukurweini. Alipitisha kidole juu ya bandi zangu zote bila haraka.

"Umefumua mara ngapi?"

"Mara tatu, shosho."

"Basi bado."

Shosho ni mtu wa kiondo. Na kiondo, kama hukujua, hakijawahi kukaa palepale. Wazee wa zamani walisokota nyuzi za magome ya vichaka. Ukaja mkonge. Kisha akina mama wakaanza kufumua sweta kuukuu wapate nyuzi za rangi, mikanda ya ngozi ikafuata, na leo kiondo kinabebwa na watu ambao hawajawahi kulima. Nani aliwapa silabasi? Walijaribu wakiwa wamekaa kwenye nyasi wakingoja mkutano wa chama uanze, wakaharibu, wakafumua, wakaulizana. Halafu sisi wajukuu wao tunaambiwa tusiguse mabaki.

Nanyuki nako, kikundi cha akina mama cha Nanyuki Spinners and Weavers kimekuwa kikisokota na kufuma sufu ya kondoo tangu 1977. Sufu iko karibu, kondoo wenyewe unawaona ukipita Kieni au Timau, na inaweza kukaa katikati ya blanketi badala ya ule mjazo wa plastiki tunaonunua. Nimejaribu. Nililifua kwa maji moto na kulisugua, sufu ikajishika ikawa ngumu kama kofia. Nitarudia kwa maji baridi.

Najua swali lako, msomaji: doo iko wapi? Sitakudanganya kama wale wa TikTok wanaoonyesha blanketi limekwisha kwa sekunde 30 na noti zinamwagika. Blanketi laini la kutoka ng'ambo unalipata sokoni kwa Sh1,500. Hilo langu la siku tisa niliandika Sh6,000 na mpaka leo liko mlangoni. Kushindana na kontena ni ujinga. Vilivyotoka ni vidogo: vifuniko vya viti kwa watu waliochoka na vile vitambaa vyeupe vya kufuma, mifuko ya laptopu, na vijiblanketi vya watoto wachanga. Mji huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai yake unaijua. Mwaka jana baridi ilipoingia niliuza saba, na ndivyo vilivyolipa kodi miezi ambayo sare hazikuwepo. Lakini saba hivyo visingekuwepo bila lile gunia lililoharibika.

Wengine hupenda kutaja Gee's Bend, kijiji cha Alabama ambako wajukuu wa watumwa walishona mablanketi kutokana na nguo za kazi zilizochakaa, watoto wapate joto. Mwaka wa 2002 mablanketi yao yalitundikwa katika jumba la makumbusho la Houston, kisha Whitney kule New York, na 2006 yakawekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Hadithi nzuri, lakini wanawake wale walikuwa wameshona miaka mingi sana katika umaskini kabla mtu wa makumbusho hajabisha hodi. Mimi sitafuti makumbusho. Natafuta Ijumaa moja mchana.

Naam, Ijumaa mchana. Chuo chochote cha ushonaji katika kaunti hizi kinaweza kutenga saa tatu kwa wiki, gunia la mabaki katikati ya darasa, hakuna alama, hakuna anayeulizwa alichotengeneza ni nini. Gharama yake ni uzi. Fundi mwenye kibanda naye asichome mabaki; aweke gunia nje, Jumamosi litakuwa limebebwa. Na wazazi, hasa nyinyi mnaokopa chama ili tusome, tunawaheshimu, lakini msiulize kila kipande kitauzwa pesa ngapi kabla hata uzi haujakatwa. Mwanafunzi wa gitaa huachwa apige kelele nyuma ya nyumba mwaka mzima (mjomba wangu ni shahidi, na kelele haijaisha).

Sisi vijana pia tuambiane. Tunatazama video moja, tunaiga mara moja, ikikataa tunasema haifanyi kazi Kenya na kurudi kwa simu. Kufumua tunaona ni kama kushindwa. Nina mwenzangu anashona vizuri kuniliko, mkono wake umenyooka kabisa, lakini hajawahi kushona kitu ambacho hajaagizwa. Anasema akiharibu atacheka nani? Nikamwambia mimi, halafu nitakuazima kifumuzi.

Yule mama wa steji alirudi Jumamosi. Nilidhani amekuja kununua mambo yake mengine, kumbe alikuwa na mfuko wa nailoni, ndani mashati manne ya mzee wake aliyefariki mwaka jana. Mawili ya pamba, moja la poliesta, moja sijui ni nini.

"Sitaki blanketi kubwa," akasema. "Nataka tu la kuwekelea magoti nikiwa kanisani. Na usiniharibie, hakuna mengine."

Nilimweleza kwamba lile la poliesta haliwezi kukaa pamoja na ya pamba, kwamba nitalitia kwenye mgongo, na kwamba kola na mifuko sitaikata, nitaishona vilevile ilivyo. Tukakubaliana Sh1,200. Ameacha 500. Mashati nimeyaloweka jana usiku, kila moja kwenye beseni lake, na mpaka sasa hakuna lililomwaga rangi.